Hofu ya Herode na Imani ya Yusufu

Sikukuu ya Kuzaliwa kwake Bwana Yesu inapokaribia, sisi waalimu huwafundisha watoto nyimbo, na mama zao hufua nguo nyeupe. Hayo ni mema. Lakini mwaka huu nataka tuitazame habari ile kwa upande mwingine, maana ukiisoma vizuri utaona kwamba imejaa hofu. Zakaria aliogopa hekaluni, Mariamu alifadhaika, Yusufu alisita kumchukua mkewe, wachungaji walitetemeka kondeni. Na kila mmoja malaika alimwambia asiogope. Mtu hakatazwi hofu asiyokuwa nayo.

Tena yuko mwingine aliyeogopa, naye hakuletewa malaika. Huyo ni mfalme Herode. Alikuwa na askari, na fedha, na urafiki wa Warumi. Karibu na Bethlehemu alijenga ngome juu ya kilima, ikaitwa Herodioni kwa jina lake. Walakini hakupata raha. Alimwua mkewe Mariamne, akawaua wanawe wawili, Aleksanda na Aristobulo. Na mwana wa tatu, Antipatro, akamwua siku chache tu kabla ya kufa kwake mwenyewe, mwaka wa 4 kabla ya Kristo. Mtu aliyewaogopa wanawe, je, ni ajabu akimwogopa mtoto wa seremala? Hofu ni kama moto wa nyika: huwashwa kwa ajili ya adui, huishia nyumbani.

Sasa mtazameni Yusufu. Yeye hakuwa na ngome. Alipoonywa katika ndoto aliondoka usiku, akamchukua mtoto na mama yake, akashuka Misri. Hapa twajifunza kwamba imani si kukaa kitako na kungoja. Yusufu aliamini, na miguu yake ikatembea. Hata Herode alipokufa, akarudi, akasikia kwamba Arkelao anatawala Uyahudi mahali pa babaye, naye akaogopa kwenda huko. Hofu yake ilikuwa na sababu, maana Arkelao alikuwa mkali, hata Kaisari Augusto akamwondoa mwaka wa 6 baada ya Kristo, akampeleka mbali katika nchi ya Gali, ambayo leo ni Ufaransa. Yusufu aliogopa, lakini hakuiachia hofu kushika usukani. Alionywa tena na Mungu, akashika njia ya Galilaya. Mwenye imani si yule asiyeogopa, bali ni yule asiyeifanya hofu kuwa bwana wake.

Nisiseme ya mbali tu. Mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, mama mkwe wangu alikuja na hirizi iliyoshonwa katika ngozi, amfunge mkononi. Akasema, "Baba, mimi nimezika watoto watatu. Sitaki kumwona binti yangu akizika." Nalinyamaza kitambo, maana maneno yale hayakuwa ya upumbavu, yalikuwa ya machozi. Mke wangu ndiye aliyejibu, "Mama, nikiifunga leo, kesho nitaogopa kuifungua." Kisha akampa mtoto ampakate, akamsihi amwombee. Mama akaitia hirizi katika pindo la kanga yake, asiseme neno.

Baada ya miezi minne mtoto alishikwa na homa kali. Usiku ule nalijua hofu ni nini. Moyo wangu uliniambia: Kama mngalimfunga, ingaliwadhuru nini? Tulisali kwa maneno machache, tukamtwaa mtoto, tukaifuata njia ya hospitali gizani, mama mkwe ametangulia na taa. Akapewa dawa za malaria, akapona.

Lakini mtu asiseme, "Aliamini, ndiyo sababu mtoto wake akapona." Juma lile lile jirani yetu, mtu wa sala kuliko mimi, alimzika wake. Hata Bethlehemu watoto wachanga waliuawa, na Injili haikuficha kilio cha mama zao. Imani si hirizi nyingine ya kumfunga Mungu mkono. Kuzaliwa kwake Bwana kwatuambia kwamba Mungu mwenyewe alikuja kukaa mahali panapoogofya, naye ni mtoto asiyeweza kujilinda, amelazwa horini. Huyo ndiye twamtegemea, tukipata au tukikosa.

Basi, ndugu, katika sikukuu hii kila mtu aulize nyumbani mwake: Ni jambo gani nalifanya kwa sababu ya hofu tu? Wengine hufunga vitu viunoni mwa watoto. Wengine humwita mwanamke mzee mchawi, kwa kuwa macho yake ni mekundu, na kumbe yameiva kwa moshi wa jikoni alimowapikia wajukuu. Wengine hawali kwa ndugu zao kwa kushuku sumu. Hiyo ndiyo njia ya Herode, ingawa hatuna ngome. Njia ya Yusufu ni nyembamba, tena ni ya usiku. Lakini aipitaye humchukua Mtoto pamoja naye.