Siku ya Kwanza Misri

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alimsikia mtu akimsifu mwenziwe, akamwuliza: Je, umepata kusafiri naye? Yule akajibu, La. Akamwuliza tena kama amepata kuamiliana naye kwa fedha, akajibu, La. Basi Umar akamwambia kuwa hamjui. Kisa hiki twakisikia mara nyingi katika mawaidha, na kila mmoja wetu humfikiria jirani yake, wala hajifikirii yeye mwenyewe na sahibu yake. Mimi na sahibu yangu tumekaa mtaa mmoja Mombasa kwa zaidi ya miaka 30. Tulisoma chuo kimoja, nacho kilikuwa ni chuo cha baba yake. Tumekula arusi pamoja na tumezikiana wazee. Lakini safari ya kupita Malindi hatukuwahi kwenda pamoja mpaka mwisho wa Januari 2023, ulipokwisha kuandama mwezi wa Rajabu wa mwaka 1444, tulipofunga mizigo kwenda Misri kukaa siku 10.

Tulipofika Nairobi kungojea ndege tulifanya mambo mawili. La kwanza tuliweka amiri. Hadithi yataja watu watatu wakitoka safarini, nasi tulikuwa wawili tu. Walakini tuliona adabu ile hata wawili inawafaa, kwani wawili wasio na mkubwa hushindana njia nzima. Yeye ndiye aliyenizidi umri, basi amri ikawa yake. Mimi nikashika hazina: kila mmoja alitia dola 300 katika bahasha moja, na kila senti itakayotoka nikawa nitaiandika katika daftari ndogo. La pili tulisali Magharibi rakaa tatu, tukaikusanyia Isha rakaa mbili, kwa ruhusa ya msafiri. Kuna vijana ambao huona haya kuitumia ruhusa hii, kana kwamba ni uvivu wa dini. Ruhusa ni zawadi ya Mola, na zawadi haikataliwi.

Ndege iliruka saa 6 usiku, na baada ya saa tano ikatua Cairo, ambako saa zao zilikuwa nyuma yetu kwa saa moja. Baridi ya Januari ilitupokea mlangoni. Sahibu yangu, ambaye ni fundi seremala na mikono yake haijui kutetemeka, alizika viganja vyake kwapani akasema kuwa sasa amefahamu kwa nini Waarabu wanavaa joho. Tukasali Alfajiri pale pale kiwanjani, kisha tukatafuta teksi.

Hapa nataka kuwaambia vijana wanaosoma Kiarabu katika madarasa zetu jambo moja. Nilimwambia dereva, mzee mwenye mvi, kwa Kiarabu fasihi na irabu zake zote: Ewe ami yangu, twataka kwenda mtaa wa Al-Husein. Mzee alicheka hata akapangusa macho. Akasema kuwa nazungumza kama khatibu wa Ijumaa. Kiarabu cha mjini Cairo hakiijui jimu yetu, huisema kama ga, na kafu ya kooni huimeza kabisa. Lakini mzee alinifahamu neno kwa neno, na yeye alipopunguza mbio za ulimi wake nami nilimfahamu. Basi msivunjike moyo na nahau zenu.

Hotelini tuliletewa chakula cha asubuhi: ful, nayo ni baakila zilizopikwa usiku kucha kwa moto mdogo, zikatiwa mafuta na ndimu, pamoja na mkate wa duara wa ngano yenye pumba. Sahibu yangu alionja, akanyamaza kidogo, akatoa hukumu: "Hizi ni mbaazi zilizokosa nazi." Hata hivyo alisafisha sahani.

Mikono tulipokwisha kunawa ndipo tulipopishana. Mimi kwa miezi mitatu nilikuwa nikiota msikiti wa Al-Azhar, ambao Jawhar aliuanza mwaka 970 na ukafunguliwa kwa sala mwaka 972. Nao ulikuwa pale, hatua chache kutoka mlango wa hoteli yetu. Yeye akasema: "Leo twaanza kwa Imamu Shafii." Nikamkumbusha kuwa Imamu amezikwa Karafa, kusini ya ngome ya Salahuddin, na kwamba hatukulala usiku kucha, kwa nini tuache kilicho karibu tukafuate kilicho mbali, hali siku tunazo 10? Hakunijibu sababu. Aliuliza tu: "Sheikh, amiri ni nani?" Nami nikachukua bahasha ya fedha, nikavaa viatu. Nitasema kweli: sikufurahi. Njia nzima nilitazama nje, naye pia alitazama nje, kila mmoja upande wake.

Karafa ni mji wa wafu ambao walio hai nao wanaishi ndani yake. Nyumba za makaburi zimepangwa kwa vichochoro kama mitaa, nguo zimeanikwa baina ya makuba, watoto wacheza mpira. Tangu mwaka 2020 barabara mpya kubwa zimepitishwa katika makaburi haya ya kale na mengi yamebomolewa, jambo lililowahuzunisha wengi katika Misri yenyewe.

Kuba la Imamu laonekana kutoka mbali. Ni kuba la mbao lililovikwa risasi, alilolijenga Sultani Al-Kamil, mtoto wa nduguye Salahuddin, mwaka 608 wa Hijra, yaani 1211. Na mama yake Sultani amezikwa humo. Juu kabisa, mahali ambapo makuba mengine yana mwezi tu, pamewekwa chombo kidogo cha shaba, mfano wa mashua. Wako wanaosema kuwa kilikuwa kikitiwa nafaka ya ndege. Wengine husema ni ishara ya Imamu kuwa bahari ya elimu. Sisi watu wa pwani tulisimama tukakikodolea macho kwa muda, na hapo ndipo sahibu yangu aliposema neno la kwanza tangu hotelini: kwamba chombo kile hakina tanga.

Imamu wetu alizaliwa Gaza mwaka 150, akalelewa Makka, akasoma kwa Imamu Malik Madina, akenda Iraki, na alipokaribia miaka 50 ndipo alipohamia Misri. Hakukaa ila miaka mitano hivi, akafa mwishoni mwa Rajabu mwaka 204. Lakini katika miaka hiyo michache aliyatazama upya mengi aliyoyasema Iraki, na kauli zake za Misri ndizo wanavyuoni wa madhehebu yetu huziita kauli mpya, nazo ndizo zinazofuatwa isipokuwa katika masuala machache. Fikhi inayosomwa Lamu, Unguja na Mombasa imetoka katika mji ule.

Ndani, sanduku la mbao juu ya kaburi limenakshiwa nyota na maandishi, na seremala wake ameandika jina lake, Ubayd, na mwaka 574. Sahibu yangu aliinama akazifuata nakshi kwa macho pasipo kugusa. Kisha alisimama mbele ya kaburi, akatoa salamu, akasoma alichosoma, akaelekea Kibla akainua mikono. Alikaa katika dua muda mrefu. Wako watu waliokuwa wakimwandikia Imamu barua za mashitaka yao, na mtaalamu wa Kimisri Sayyid Uways aliziandikia kitabu. Hayo si mafundisho aliyotuachia Imamu. Maiti huombewa, haombwi. Na anayeombwa hahitaji barua.

Aliposhusha mikono, macho yake yalikuwa mekundu. Tukaketi pembeni, ndipo akanieleza. Baba yake, mwalimu wetu, aliyetusomesha Safina sote wawili kwenye mkeka mmoja, kwa miaka 40 alikuwa akiweka akiba ya kuja kusimama mahali pale. Na kila ilipokaribia kutimia ilitoka kwa jambo: mara karo ya mtoto, mara paa la chuo, mara mgonjwa. Alifariki mwaka uliotangulia safari yetu. "Nilimwahidi kuwa nikifika Misri mguu wangu wa kwanza utakuwa hapa. Nisingeweza kukueleza hotelini, nisingemaliza." Mimi niliyesoma kwa mzee yule kila jioni kwa miaka sita sikujua kuwa alikuwa na haja hiyo. Tukamwombea pamoja.

Adhuhuri tuliisali msikitini hapo, rakaa nne kamili. Kijana mmoja wa Kimisri alituuliza kwa nini wasafiri hawafupishi. Amiri wangu akamjibu kuwa anayenuia kukaa siku nne, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hukatika safari yake kwa kufika. Na tusipoyafuata madhehebu mlangoni pa mwenyewe, tutayafuata wapi? Kijana akacheka akatuletea chai.

Magharibi ilitukuta Al-Azhar. Sina la kusema juu ya uwanja ule mweupe na minara yake mitano ila kwamba picha hazikuutendea haki. Baada ya sala tukaona duara la wanafunzi, na mwalimu amekaa kitini akisomesha matini ya Abu Shuja, mlango wa tohara. Tukaketi nyuma kabisa. Mwalimu alisoma jumla, akatua ili aisherehi, na kila alipotua niliona midomo ya sahibu yangu inaendelea mbele, kimya, jumla baada ya jumla, kwa lahaja ya baba yake.