Kutoka Kavimvira mpaka Kalundu: mkopo wa safari, utapewa au utanyimwa?

Asubuhi na mapema kule Kavimvira utaona wenzetu wakigawanyika. Wengine wanakwenda kwenye mpaka, wavuke Gatumba wafike Bujumbura, safari isiyofika kilometa 30. Wengine wanapanda gari za Kiliba, Sange na Luvungi kutafuta muhogo na mchele. Wengine wanashuka Kalundu kungojea boti ya Baraka, na wachache wenye mtaji mkubwa wanakwenda mpaka Kigoma. Wengi kati yao wamebeba pesa ya mkopo: ya likilimba, ya koperative, au ya AVEC.

Kuna watu katika miji mikubwa ya dunia wenye kadi ya banki ya kulipia tikiti na hoteli kwanza, kisha wanalipa deni polepole. Banki inachunguza mshahara wao kabla ya kuwapa. Kwetu kadi hiyo ni kisanduku chenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu. Lakini uchunguzi upo vilevile, na unaweza kuufanya mwenyewe nyumbani kabla ya kuinua mkono kikundini.

Hatua ya kwanza inajulikana. AVEC nyingi hazitoi zaidi ya mara tatu ya akiba yako, na deni linarudishwa kwa miezi mitatu. Kama kitabu chako kinaonyesha dola 40, usiombe 150. Wanachama hawatazami jumla peke yake, wanatazama pia majuma uliyoruka.

Hatua ya pili ndiyo inayowaangusha wengi: safari yako inarudisha pesa siku gani? Tuchukue mfano. Umekopa dola 120, riba ni 5 kwa 100 kila mwezi juu ya deni lote. Kwa miezi mitatu utalipa 138, ni kusema 46 kila mwezi. Mama wa Bujumbura, tuseme anapata faida ya dola 4 kwa safari, mara tatu kwa juma: karibu 48 kwa mwezi. Mama wa Baraka anapata 25 kwa safari, mara mbili kwa mwezi: 50. Faida ni karibu moja, lakini kikundi hakiwatazami sawasawa. Yule wa kwanza akikosa safari moja, anapungukiwa na dola 4. Wa pili boti yake ikikwama, amebaki na 25, na deni linadai 46. Atakula mtaji. Kwake ni heri kuomba 60, alipe 23 kwa mwezi, hata kama faida yake itapungua.

Na boti zinakwama kweli. Tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini unachafua ziwa. Wakati wa mvua ni mito: tunakumbuka Mulongwe ilivyobeba nyumba mwezi wa ine 2020. Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda mpaka likaingia bandarini Kalundu. Mama anayeomba pesa ya Baraka mwezi wa saba bila kutaja upepo, mimi ningemuuliza maswali mengi.

Mpaka nao una mambo yake. Mwaka 2020 ulifungwa kwa sababu ya korona, na waliokuwa na deni walibaki nalo. Tena kuna franga ya Burundi. Mwezi wa tano 2023 nchi ile ilipunguza sana thamani ya pesa yake. Ukikopa kwa dola na kuuza kwa franga ya Burundi, badilisha siku ileile. Ukiambia kikundi kwamba ndivyo unavyofanya, wataona kwamba unaijua kazi.

Inabaki habari ya bwana. Kodi ya Familia ya 1987, katika kifungu cha 448, ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba, na mkopo ni mkataba. Sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanatakiwa kukubaliana. Mtu akikuambia mezani kwamba mama hakopi bila barua ya bwana, muulize kwa heshima anasoma sheria ya mwaka gani. Lakini kukubaliana ni pande mbili: bwana naye asikope kwa kificho akaweka kiwanja chenu rehani.

Siku ya mkutano, chukua karatasi moja. Andika unakokwenda, unanunua nini, nauli, pesa ya bariera, siku ya kurudi, na ni nani atakayekaa na watoto. Hiyo ya watoto usiisahau: kwetu ndilo swali ambalo wazee wa kikundi huliuliza kwanza.