Amana ya Maneno

Maneno ya mtu ni mali yake. Yaweza kuazimwa, kusifiwa, kupingwa au kuachwa, lakini hayawezi kubadilishwa kisha yakabaki kuwa yake. Juu ya kanuni hii fupi zimesimama alama za mtajo katika maandishi ya Kiingereza. Kwa umbo ni ndogo kama kope za jicho. Kwa uzito ni sawa na kiapo. Azifunguaye huapa kwamba tangu hapo mpaka zitakapofungwa asemaye ni mwingine, na kwamba yeye hakuongeza, hakupunguza wala hakupindua.

Mwandishi aliyelelewa na Kiswahili huingia katika Kiingereza akiwa na desturi nyingine. Tenzi za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu hazikuwa na alama hizi. Zamu ya msemaji ilijulikana kwa neno: akanena, akamjibu, akamwambia. Sikio lilifanya kazi ambayo katika Kiingereza imepewa jicho. Tena, Kiswahili hakilazimishi wakati ubadilike. Aliyesema "Nitakuja" huelezwa kwamba alisema atakuja. Nafsi hugeuka, wakati hubaki palepale. Kiingereza hudai wakati nao urudi nyuma. Ndiyo sababu mwanafunzi huandika kiungo chenye maana ya "kwamba", halafu hufungua alama na kumwacha msemaji anene kwa nafsi yake ya kwanza. Sentensi hiyo ni ngalawa yenye manahodha wawili. Yampasa mwandishi achague: ama maneno yenyewe ndani ya alama, ama maana yake nje ya alama. Akitaka kudondoa kipande tu, kipande hicho lazima kiafikiane na sentensi inayokipokea.

Mwanafunzi wa Njoro, mjini Moshi, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa jambo hili. Asubuhi isiyo na mawingu Kibo hutazama mtaa wake, na juu ya mlima huo yamewekwa maneno mashuhuri. Mwezi wa Oktoba 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, Julius Nyerere alieleza nia ya wananchi ya kuwasha taa juu ya Kilimanjaro, imulike hata nje ya mipaka na kuleta matumaini, upendo na heshima. Alisema kwa Kiingereza, na neno alilotumia lina maana ya mshumaa. Kiswahili kiliupokea mshumaa kikautoa mwenge. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge huo kileleni, na tangu hapo neno hilo limekaa katika vinywa vya watu, katika nyimbo na katika mbio za kila mwaka.

Tafsiri hiyo haina lawama. Mshumaa ni taa ya chumbani, hulindwa kwa kiganja. Mwenge ni taa ya safari, hushindana na upepo. Aliyefasiri aliona mlima na baridi yake akachagua moto unaostahili. Lakini tazama linalotokea mwanafunzi anapoandika insha kwa Kiingereza. Huyachukua maneno ya Kiswahili aliyoyahifadhi tangu utotoni, huyarudisha katika Kiingereza, mwenge ukabaki mwenge, kisha huyafungia ndani ya alama za mtajo na kuyatia tarehe ya 1959. Alama zile zimeshuhudia uongo, ijapokuwa aliyeziandika hakukusudia kudanganya. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya nakala za Kiswahili nia imekuwa tendo lililokwisha kutendeka. Mwanachuoni akijenga hoja juu ya maana ya mwenge katika hotuba ile, amejenga nyumba juu ya neno ambalo hotuba haikulitamka. Nchi iliyokuwa bado inatamani imefanywa nchi iliyokwisha kupata, na zile siku za kungoja zimefutwa katika historia.

Dawa yake ni nyepesi. Na atafute maneno ya asili, ayanakili herufi kwa herufi. Au aache alama, aseme kwamba hivi ndivyo Kiswahili kinavyoieleza hotuba hiyo. Njia zote mbili ni za haki. Iliyo haramu ni ile ya tatu, ya kuvalisha tafsiri joho la asili.

Mlima huohuo una mfano mwema ulio mkongwe zaidi. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akisafiri kwenda Uchagani, aliona weupe wenye kung'aa juu ya mlima. Mwongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu, maana yake baridi. Rebmann aliamini kwamba ni theluji, akaandika hivyo. Hata hivyo hakumtia mwongozi wake theluji kinywani. Aliliweka neno la mwenziwe kama alivyolisikia, "beredi", na rai yake mwenyewe akaiweka kando. Habari ilipochapishwa mwaka 1849, William Desborough Cooley, mwanajiografia wa London, aliikataa. Shahidi wa pili aliyetamka theluji angemfaa sana Rebmann katika ubishi ule. Alikuwa na nafasi ya kumtengeneza kwa kalamu, asimtengeneze. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima na kuangukiwa na theluji. Ubishi ukakosa nguvu. Leo msomaji anayo maneno ya watu wawili, kila mmoja na lake, na anaona kwamba wote wawili walisema kweli.

Mengine katika matumizi ya alama hizi ni adabu inayofuata haki hiyo. Neno likiachwa, nukta tatu hukiri pengo. Neno likiongezwa ili maana ieleweke, mabano ya mraba hukiri mkono wa mwandishi. Uingereza wengi huanza kwa alama moja moja na kutia mbili mbili kwa mtajo ulio ndani ya mtajo. Marekani hufanya kinyume, tena huingiza nukta na mkato ndani ya alama hata kama si vya msemaji. Mwandishi na ashike desturi moja mpaka mwisho. Dondoo refu hutengwa katika aya yake na kusogezwa ndani, bila alama, kwa kuwa umbo la ukurasa limekwisha kutoa ushahidi.

Wako pia wanaozitumia alama kwa dhihaka, kama Kiswahili kinavyotumia neno "eti", na wengine kwa pambo. Pambo likizidi, insha huwa mkusanyiko wa sauti za watu isiyo na mwenyewe. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dondoo lamfaa mtu mwenye hoja yake, wala haliwezi kuwa badala ya hoja.

Aliyenukuliwa aghalabu hayupo. Yuko mbali au yuko kaburini, hawezi kusimama na kusema, "Sikusema hivyo." Alama mbili ndogo ndizo wakili wake. Mwandishi anayezitunza humtendea mtu asiyekuwapo kama angependa kutendewa siku ambayo yeye naye hatakuwapo.