Ndizi Moja Huivisha Mkungu

Hapa Usa River tunalima migomba. Mimi nililelewa kwa fedha za ndizi. Mama alizivundika shimoni, akazifunika kwa majani makavu na kuzifukiza moshi. Jumamosi alizipeleka soko la Tengeru. Zikiiva mapema, zilioza kabla ya soko, nasi tulikosa madaftari.

Wanakisomo huniuliza: kwa nini ndizi moja iliyoiva huivisha mkungu mzima?

Ndani ya tunda changa mna kitu kiitwacho oksini. Kitu hiki hulichelewesha tunda kuiva. Tunda likikomaa, oksini huvunjika na kupungua. Ndipo tunda hutoa hewa iitwayo etilini. Hewa hii haionekani. Huifanya wanga igeuke sukari, na ganda liwe la manjano. Kisha huliivisha tunda la jirani. Mwaka 1934 Richard Gane wa Uingereza alithibitisha kuwa matunda hutoa hewa hii. Moshi nao una etilini. Mama hakuijua kwa jina, lakini aliitumia.

Ndugu msomaji, ukitaka ndizi ziive, zifunike pamoja na moja iliyoiva. Ukitaka zingoje soko, ondoa zilizoiva. Zilizobaki ziweke kivulini, penye upepo.