Mgonjwa ni Amana

Kila zama huja na chombo chake, na kila chombo kipya huzua maneno. Katika miaka hii kilichozua maneno ni akili ya mashine, ambayo wengine huiita akili bandia na wengine akili mnemba. Imeingia madukani, skulini na maofisini, na sasa imeingia wodini. Madaktari wametoa rai zao, wenye kuitengeneza wameisifu, na serikali nazo zimesema. Lakini yuko mmoja anayekesha na mgonjwa usiku kucha, na huyo huulizwa mwisho, akiulizwa. Naye ni muuguzi.

Mimi nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka 27 hapa pwani kabla ya kustaafu, na binti wa kaka yangu anafanya kazi hiyo hiyo ng'ambo. Kwa hivyo jambo hili kwangu si hadithi ya mbali. Wala si ya mbali kwako, ndugu msomaji, kwani nyumba nyingi za pwani leo zina mtoto wao aliyevaa sare ya uuguzi, hapa kwetu au ugenini.

Kwanza yafaa tujue mashine hii hufanya nini, maana wako wanaodhani kuwa ni mtu wa chuma apitaye baina ya vitanda. Sivyo. Ni hesabu zilizomo ndani ya kompyuta. Hulishwa khabari za wagonjwa maelfu kwa maelfu: joto la mwili, mapigo ya moyo, pumzi, damu, dawa walizopewa, na mwisho wao ulikuwaje. Akiletwa mgonjwa mpya, hulinganisha hali yake na za waliopita, kisha hutoa onyo kuwa huyu yuko hatarini na yule hana neno. Nyingine humwandikia muuguzi ripoti ya kukabidhiana zamu. Nyingine hukadiria uzito wa maradhi ya kila mgonjwa, na kwa makadirio hayo wakubwa huamua wauguzi wangapi wawekwe katika zamu.

Hapo pa mwisho ndipo penye mgogoro. Tarehe 22 Aprili 2024 wauguzi waliandamana mjini San Francisco, Marekani, mbele ya hospitali ya Kaiser Permanente, wakitaka waaminiwe wao kabla ya mashine. Mwaka huo huo chama chao, National Nurses United, kilitangaza majibu ya wauguzi zaidi ya 2,300 waliohojiwa. Asilimia 60 hawakukubali kuwa mwajiri wao atatanguliza usalama wa mgonjwa atakapoitumia akili hii. Litazame vizuri neno hilo. Shaka yao ilikuwa juu ya mwenye kukinunua chombo na sababu ya kukinunua.

Je, wana haki ya kutia shaka? Mwaka 2021 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha uchunguzi wao juu ya hesabu moja iliyokuwa ikitumika katika mamia ya hospitali za Marekani. Kazi yake ilikuwa kumtambua mapema mgonjwa wa sepsisi, yaani pale mwili unapopambana na vijidudu mpaka ukaanza kujidhuru wenyewe. Walikuta kuwa asilimia 67 ya waliokuwa na maradhi hayo haikuwatambua, ilhali ilipiga kengele kwa asilimia 18 ya wagonjwa wote waliolazwa. Aliyefanya kazi wodini anajua madhara ya kengele ya bure. Ya kwanza utaikimbilia, ya pili utaikimbilia, ya kumi utakuwa umeizoea.

Tena kuna mambo yasiyoandikika katika faili. Mzee aliyekuwa akilalamikia uji kila asubuhi, leo kanyamaza. Mama aliyekuwa akiwauliza watoto wake, leo hawaulizi. Mara ngapi nimesimama kando ya kitanda cha mgonjwa ambaye namba zake zote ni nzuri, na moyo wangu ukakataa kuondoka! Nikarudi baada ya nusu saa nikampima tena, ingawa saa ya kupima haijafika.

La ajabu ni kuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walijenga mashine yao juu ya jambo hilo hilo. Mashine hiyo hufuatilia mwenendo wa muuguzi katika kuandika: ameandika mara ngapi, saa ngapi, na kama amerudi kupima nje ya wakati wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025, baada ya kujaribiwa katika wodi 74 kwa wagonjwa zaidi ya 60,000. Hatari ya kufa ilipungua kwa zaidi ya theluthi moja.

Basi mashine hiyo ilikuwa ikisoma nini? Ilikuwa ikisoma wasiwasi wa muuguzi. Iliweza kuonya kwa sababu yuko mtu aliyemjali mgonjwa. Mkubwa atakayewapunguza wauguzi kwa kuwa amepata mashine atakuwa kama aliyekata mnazi ili apate madafu.

Binti wa kaka yangu aliniambia kwa simu: "Shangazi, mimi sina ugomvi nayo. Ikiniandikia yale makaratasi, napata robo saa ya kukaa na mgonjwa. Lakini siku nitakayoona kinyume cha ilivyosema, nani atanisikiliza? Na mgonjwa akifa, ataulizwa nani?"

Swali lake ndilo shina la mambo. Mgonjwa ni amana, na amana hukabidhiwa mwenye kuulizwa. Mashine haikabiliani na jamaa wa maiti, haiitwi mbele ya hakimu, wala haina hesabu ya kutoa mbele ya Mola wake. Atakayeulizwa ni muuguzi. Sasa itakuwaje aulizwe juu ya uamuzi ambao hakuwa na ruhusa ya kuukataa?

Kwetu mashine hizi zitazidi kuja, na tutaambiwa zinakuja kuziba pengo. Pengo lipo kweli. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kuwa dunia ilipungukiwa na wauguzi milioni 5.8 katika mwaka 2023, na kuwa asilimia 78 ya wauguzi wote wamo katika nchi zenye asilimia 49 tu ya watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wauguzi waulizwe kabla ya kununuliwa, na mashine ijaribiwe kwa wagonjwa wetu, kwani iliyofunzwa kwa wagonjwa wa ng'ambo huenda isiwajue wa hapa. Na muuguzi akisema "hapana, mimi naona vingine," asikilizwe wala asiadhibiwe.

Nawe msomaji, ukiwa na mgonjwa wako wodini, usiridhike na karatasi iliyotoka kwenye kompyuta. Mwendee muuguzi kwa heshima, umuulize: "Wewe unamwonaje?" Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, na awape nguvu wanaowakeshea.