Barua kutoka Johannesburg: Plagi za Chini

Mjomba,

Huku baridi ni kavu, midomo inapasuka, ila jua linawaka kutwa. Nimefikia katikati ya jiji, karibu na Carlton Centre, lile ghorofa la mita 223 lililomalizwa 1973. Hadi 2019 hapakuwa na jengo refu kulishinda Afrika nzima. Chini yake pilikapilika ni za Kariakoo tupu, na Kiswahili hakikosi: laini ya simu nimeuziwa na Mkongo, tumepatana bei kwa lugha yetu.

Daladala wanaziita teksi. Ukitaka kuja mjini unanyoosha kidole cha shahada juu. Nauli inatoka nyuma mkono kwa mkono, na aliyekaa mbele ndiye anayehesabu chenji. Nilikaa mbele nikaungua makalio, maana ni zile Toyota zenye injini chini ya kiti. Stendi ya Noord nikamkuta fundi kawashusha abiria wa mbele, kainua kiti, anachomoa plagi. Nilicheka peke yangu, kwa kuwa mimi nami nimefuata plagi huku, ila za ndege.

Karakana ninayojifunzia iko uwanja wa ndege wa Rand, Germiston, uliofunguliwa 1931, si mbali na mjini. Unajua Cessna 172: silinda 4 zimelala pande mbili, kila moja ina plagi ya juu na ya chini, zikilishwa na magineto tofauti. Za juu hata mwanafunzi anafungua. Za chini zimebanwa na bomba za ekzosi. Mkono unaingia kwa shida, jicho haliingii. Na ndizo zinazochafuka upesi, maana oili inashukia huko na risasi ya petroli ya ndege inagandia hukohuko. Jiji nalo linaongeza lake: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, rubani asipopunguza mafuta ndege ikiwa bado chini, masizi yanajaa.

Mzee anayenifundisha hana haraka. Kwanza anahakikisha magineto zimezimwa, ufunguo anatia mfukoni, injini inaachwa ipoe. Kisha soketi ndefu ya inchi 7/8 na kiungo kinachopinda. Soketi ikae sawasawa, ikiinama kauri inapasuka. Kila plagi anaipanga kwenye trei kwa namba ya silinda yake, aisome rangi na uchafu wake. Iliyoanguka sakafuni haifungwi tena, hata ionekane nzima. Wakati wa kurudisha, za chini zinahamia juu na za juu zinashuka. Vidole visipofika, anachomeka plagi kwenye kipande cha mpira wa bomba na kuizungusha: hesi ikienda mshazari, mpira unateleza bila kuharibu kitu. Mwisho anakaza kwa spana yenye kipimo.

Nilimuuliza kama zile ngumu mtu anaweza kuziacha hadi ukaguzi ujao. Akanipeleka kwenye ndege iliyokuwa inajaribiwa. Rubani akazima magineto moja, mzunguko ukaporomoka, injini ikatetemeka. Plagi iliyorukwa hujitangaza yenyewe, mjomba, na heri ijitangaze ndege ikiwa bado chini.

Soketi kama ile nimeiona duka la mjini, nakuletea. Kama unataka na trei, nijulishe kabla ya Ijumaa. Wasalimie wote nyumbani.

Mpwa wako.