Nyumba ya Magurudumu Manne

Wahenga walinena kuwa kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi niliyaona mengi kwa siku 6 tu, likizo ya Agosti mwaka wa 2023, mjomba aliponichukua pamoja na binamu yangu twende Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Hatukulala hotelini hata siku moja. Vani yake kuukuu ndiyo iliyokuwa nyumba yetu: godoro nyuma, sufuria chini ya kiti, soksi zetu zikining'inia dirishani.

Kila alfajiri tulikunja godoro, tukachemsha chai, kisha mjomba akagawa maji. Kikombe kimoja cha kunawa uso, basi! Mtungi wa pili, wa lita 20, ulikuwa wa rejeta. "Huo msiuguse," alituonya.

Sikio la kufa halisikii dawa. Usiku tulipolala Laisamis, vumbi liliniwasha mwili mzima. Nikanyata nje, nikaoga kwa maji ya mtungi ule. Lo! Nililala fofofo.

Kesho yake, saa saba mchana, katikati ya nyika, injini ilichemka. Mjomba aliuinua mtungi, ukaja mwepesi kama unyoya.

"Nani ametumia haya maji?"

Ulimi ulinikauka. "Ni mimi, mjomba."

Hakunigombeza. Aliketi kivulini mwa gari akanyamaza, na kimya kile kiliniuma kuliko kiboko. Maji ya kunywa yalikuwa yamebaki chupa moja, nasi tulikuwa watatu.

Baada ya muda mrefu alitokea msichana wa rika langu, akimswaga punda aliyebeba mitungi. Alikuwa ameondoka kwao alfajiri kwenda kisimani. Mjomba alipomweleza shida yetu, alicheka.

"Hata gari inakunywa maji?"

Kisha akatujazia mtungi nusu. Pesa alikataa; alipokea sukari tu. Nilishindwa kumtazama usoni.

Jioni tuliipita mitambo ya umeme wa upepo, 365 kwa jumla, iliyozinduliwa mwaka wa 2019. Halafu ziwa likatokea, kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani. Binamu alirukaruka kwa furaha. Mimi niliteka kwa kiganja nikaonja: magadi!

Wenzangu, mkiniona bwenini nikikimbia kufunga mfereji unaodondoka, msinicheke. Namkumbuka yule msichana na punda wake.